Shahada Zinazouliza Bila Kusikiliza

Kila aliyepitia uzamili wa elimu katika vyuo vyetu anaijua namba 384. Imetoka kwenye jedwali lililochapishwa mwaka 1970 na Wamarekani wawili, Robert Krejcie na Daryle Morgan, ili kumrahisishia mtafiti kazi ya kuamua ahoji watu wangapi. Wilaya ikiwa na walimu 1,000, jedwali linataka wahojiwe 278. Ukiikimbilia kanuni ya Taro Yamane, utapata 286. Kundi likiwa kubwa kupindukia, jedwali linakomea 384, na ndiyo maana namba hiyo imejaa kwenye rafu za maktaba za vyuo vya ukanda huu. Mwanafunzi huchagua mojawapo, huandika aya mbili za kuitetea, kisha hupanda basi kwenda kwenye shule tatu ambazo wakuu wake anafahamiana nao, na kuwagawia dodoso walimu aliowakuta siku hiyo. Hesabu zile zimesimama juu ya sharti moja: kila mwalimu wa wilaya awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Hapa sharti halipo. Lakini sura ya tatu imekamilika na msimamizi ameipitisha.

Sina nia ya kuwacheka wanaofanya hivyo. Wengi wao ni walimu wa sekondari, maofisa ustawi wa jamii, waandishi wa habari na watu wa mashirika, wanaosoma jioni na Jumamosi kwa ada wanayoilipa wenyewe. Wamefundishwa kwamba utafiti ndivyo ulivyo. Linalonishughulisha ni namna tulivyofika hapa. Elimu, sosholojia na mawasiliano ni fani tatu zenye kazi moja ya msingi, nayo ni kumsikiliza binadamu anapofundishwa, anapoishi na wenzake na anaposema. Katika ngazi ya uzamili na uzamivu zimegeuka kuwa fani za kugawa karatasi. Na haikuwa hivyo siku zote. Kuna kipindi wageni walikuwa wanakuja Dar es Salaam kujifunza namna nyingine ya kufanya utafiti.

Tuanze na asili yake, kwa ufupi. Nchini Marekani fani hizi zilijitenga moja baada ya nyingine, kila moja ikidai chumba chake. Chuo Kikuu cha Chicago kilianzisha idara ya sosholojia mwaka 1892. Chuo cha walimu cha Teachers College, kilichoungana na Columbia mwaka 1898, kilifanya ualimu uwe jambo la kusomewa hadi uzamivu. Novemba 1914, walimu 17 wa usemi mbele ya hadhira walijitoa katika chama cha walimu wa Kiingereza wakaunda chama chao, wakisema kwamba usemi ni taaluma inayojitegemea na haipaswi kuwa tawi dogo la fasihi. Mwaka 1920 Cornell ilikuwa na semina ya uzamili iliyowasoma Aristotle, Cicero na Quintilian kama wataalamu wa kushawishi watu. Kutoka hapo fani ya usemi ilizidi kupanuka hadi ikayameza mahojiano, mazungumzo ya familia, mijadala ya makundi na hotuba za wanasiasa.

Uingereza ilikuwa nyuma. Oxford ilianza kutoa shahada ya uzamivu mwaka 1917 tu, na mtindo wake ulikuwa wa mwanafunzi mmoja, msimamizi mmoja na tasnifu moja, bila masomo ya darasani. Mtindo huo ndio tuliorithi. Usemi kama fani haukuja kabisa. Vyuo vyetu vilipoanzisha masomo ya mawasiliano vilianza na uandishi wa habari: Nairobi mwaka 1970, Dar es Salaam mwaka 1975. Hadi leo anayesema anasoma uzamili wa mawasiliano kwa kawaida anamaanisha magazeti, redio, uhusiano wa umma na mitandao. Mazungumzo ya watu wawili barazani hayana idara.

Utafiti wa jamii ulitangulia vyuo vikuu vyenyewe. Makerere ilipata Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Afrika Mashariki mwaka 1948, na baadaye Audrey Richards, mwanaanthropolojia wa Kiingereza, akawa mkurugenzi wake. Kazi za taasisi zilikuwa nzuri, lakini mgawanyo wa majukumu ulieleweka bila kuandikwa: Mzungu aliuliza, Mwafrika alitafsiri. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba kikiwa na kitivo cha sheria peke yake. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuunda Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na mwaka 1970 kila nchi ikachukua chake. Waafrika waliotaka uzamivu wa sosholojia kabla ya hapo walivuka bahari. Mmoja wao alikuwa Eduardo Mondlane, aliyeipata shahada hiyo Northwestern mwaka 1960, akafundisha Syracuse, kisha akaacha kazi ya chuo kuja kuongoza FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji. Aliuawa kwa bomu Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Leo chuo kikuu cha Maputo kina jina lake, ingawa ni wachache wanaokumbuka kwamba mtu huyu alikuwa mwanasosholojia aliyefuzu.

Sasa twende kwenye kipindi ambacho ningependa kila mwanafunzi wa uzamili akisome kabla hajagusa jedwali lolote. Mwaka 1973 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, ikishirikiana na Wizara ya Afya na Radio Tanzania, iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa majuma 12, vikundi vya wanakijiji vilikaa chini ya mti au darasani kusikiliza kipindi cha redio. Mmoja anayejua kusoma alisoma kijitabu kwa sauti, halafu watu wakajadili: malaria inatoka wapi hapa kwetu, nani hana choo, maji ya kisima kile yamekaaje. Baada ya mjadala kikundi kiliamua la kufanya na kulifanya. Inakadiriwa watu milioni mbili walishiriki. Vyoo vilichimbwa kwa wingi usioelezeka kwa amri ya serikali peke yake.

Ukikiangalia kikao kimoja cha kampeni ile utaziona fani zote tatu zimekaa pamoja. Kuna elimu, maana watu wanajifunza. Kuna sosholojia, kwa kuwa kikundi kina mwenyekiti, wazee, wanawake walionyamaza na kijana anayetaka kuonekana. Na kuna usemi, kwa sababu kila kitu kinategemea nani anapata nafasi ya kusema na wengine wanampokea vipi. Watafiti waliokuwa pale walilazimika kujiuliza: kama wanakijiji wanaweza kuchunguza ugonjwa wao wenyewe, mtaalamu mwenye dodoso anaongeza nini?

Swali hilo lilizaa kitu. Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuwa ameandika tasnifu ya uzamivu Uppsala kuhusu mila na ishara za Wazaramo, alifanya kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970 na kuwaingiza wanafunzi vijijini kama washiriki wa kazi na maisha. Baadaye alikuwa nguzo ya mradi wa Jipemoyo wilayani Bagamoyo, uliowaunganisha watafiti wa Kifini na wa Kitanzania. Budd Hall, mtafiti kutoka Amerika Kaskazini aliyekuwa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, aliandika kuhusu namna dodoso linavyomgeuza mkulima kuwa chanzo cha takwimu. Mwanaelimu wa Brazil, Paulo Freire, alikuja, akazungumza na watafiti wa hapa kuhusu kuwachunguza watu pamoja nao. Marjorie Mbilinyi alikuwa anaichambua elimu ya wasichana. Jina la utafiti shirikishi, ambalo leo mashirika ya Ulaya hulileta kwetu kwenye semina za hoteli kana kwamba ni bidhaa mpya, lilipata umbo lake hapa. Huwa naudhika kidogo ninapoona tasnifu ya mwanafunzi wa Dar ikilinukuu kutoka kwenye kitabu cha Uingereza bila kutaja Bagamoyo.

Jambo hili lisipambwe kupita kiasi. Kipindi hichohicho watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa kwa nguvu, na ushirikishwaji wa redio ulikwenda sambamba na amri za chama. Azimio la Musoma la Novemba 1974, lililotaka vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu, lilileta darasani watu wazima wenye uzoefu, lakini pia liliweka barua ya chama mbele ya akili. Hata hivyo maswali yaliyoulizwa yalikuwa maswali ya kweli, yenye mtu anayesubiri jibu.

Kilichofuata kinajulikana. Uchumi uliporomoka, masharti ya mikopo ya kimataifa yakabana bajeti, wahadhiri wakaondoka au wakaanza kufuga kuku. Makerere ilifungua mlango kwa wanafunzi wa kujilipia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nairobi ikafuata mwaka 1998 na programu sambamba. Msomi wa Uganda, Mahmood Mamdani, alikieleza kisa cha Makerere kwenye kitabu alichokitoa mwaka 2007, akionyesha jinsi kila idara ilivyogeuka muuzaji wa kozi. Fani za jamii ndizo zilizouzika kirahisi zaidi, maana hazihitaji maabara. Ukumbi, ubao na mhadhiri mwenye nafasi jioni vinatosha.

Wakati huohuo shahada ikawa ngazi ya mshahara. Kenya ndiyo mfano ulio wazi. Mwaka 2014 Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ilitoa vigezo vilivyotaka mhadhiri awe na uzamivu, na waliokuwa na uzamili pekee wakapewa miaka mitano kujisogeza. Tume ikataka pia mwanafunzi wa uzamivu awe amechapisha makala kwenye majarida kabla ya kuhitimu. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake yalikuwa foleni ya watu wanaohitaji uzamivu kwa haraka, na soko la majarida yanayochapisha kwa malipo ndani ya juma moja. Juni 2019 Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta kilitunuku shahada za uzamivu 118 kwenye mahafali moja. Nchi ikashtuka, na tume ikaanza uchunguzi.

Upande wa walimu wa shule mambo yamekuwa ya ajabu kwa namna nyingine. Zamani mwalimu wa Kenya aliyepata uzamili alitegemea kupandishwa cheo. Tume ya kuajiri walimu sasa inasema shahada peke yake haimpandishi mtu daraja. Wapo waliouza shamba kulipa ada na wamebaki na cheti ndani ya bahasha. Jambo hilo linauma, ila linatulazimisha kuuliza swali lililokuwa limefunikwa na mshahara: mwalimu wa Kakamega au Singida anayesoma uzamili wa elimu anarudi darasani na kitu gani?

Jibu linategemea alichochunguza, na hapa inabidi tuitazame safari yenyewe kwa karibu. Mwanafunzi wa Tanzania akishapitishiwa pendekezo lake la utafiti, anahitaji kibali. Kwa wanafunzi na watumishi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kibali hutolewa na Makamu Mkuu wa Chuo, kwa mamlaka ya waraka wa serikali wa Julai 1980 ambao hutajwa kwenye barua hiyo mpaka leo. Utaikuta barua imebanwa nyuma ya tasnifu kama kiambatisho. Anaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anapewa barua nyingine ya kwenda wilayani, halmashauri inampa ya kwenda kwa Afisa Elimu, huyu anampa ya mkuu wa shule. Kenya mlango wa kwanza ni NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na huko pia barua huzaa barua. Mwisho wa yote mtafiti anafika ofisi ya walimu akiwa na mihuri minne na kutambulishwa na mkuu wa shule mwenyewe. Kisha anamwuliza mwalimu: je, uongozi wa shule yako ni shirikishi? Chagua moja: nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Mwalimu mwenye akili timamu anajua ajibu nini. Wengi "wanakubali".

Vibali vina sababu zake, na mtafiti asiyejulikana hapaswi kuingia shuleni kiholela. Tatizo ni kwamba mafunzo ya mbinu za utafiti hayamwambii mwanafunzi kuwa mihuri ile nayo ni sehemu ya data. Imebadilisha uhusiano kabla neno la kwanza halijatamkwa. Mwanasosholojia angepaswa kuliona hilo kwanza kabla ya kitu kingine chochote. Badala yake tunamwona akihesabu asilimia za waliokubali na kuchora duara la rangi.

Halafu inakuja lugha. Mwalimu anahojiwa kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha kwao, chenye "ee, ndiyo hivyo hivyo" na "tunashukuru tu" ambayo kila mtu anajua haina shukrani ndani yake. Tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza. Mtafiti husikiliza kinasa sauti usiku, na yeyote aliyewahi kunakili mazungumzo anajua kwamba saa moja ya sauti inakula siku nzima ya kazi. Kwa hiyo anaruka hatua: anasikiliza Kiswahili na kuandika Kiingereza moja kwa moja. Kicheko kinapotea, kimya kinapotea, mahali mama alipobadilisha mada baada ya mumewe kupita panapotea. Kinachobaki ni sentensi safi ya Kiingereza iliyofungwa kwa alama za nukuu na jina la bandia, ambayo mwenyewe akisomewa hataitambua.

Hili halijakosa watu wa kulisema. Mwaka 1978 Penina Mlama na May Matteru walitoa ripoti iliyotayarishwa kwa ajili ya Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) kuhusu haja ya kutumia Kiswahili kufundishia elimu ya juu. Tume ya elimu iliyoongozwa na Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kianze kuingia sekondari. Mwaka 1984 Criper na Dodd, Waingereza walioletwa kupima hali ya Kiingereza shuleni, walikuta wanafunzi wengi hawakiwezi kiasi cha kujifunzia. Serikali ikachagua kuendelea na Kiingereza. Kuanzia mwaka 2002 mradi wa LOITASA, uliowaunganisha watafiti wa Dar es Salaam, Oslo na Afrika Kusini chini ya Birgit Brock-Utne, Martha Qorro, Zubeida Desai na wenzao, uliliingiza swali hili ndani ya madarasa yenyewe. Halima Mwinsheikhe na Mwajuma Vuzo walifanya uzamivu wao Oslo ndani ya kazi hiyo, wakilinganisha masomo yaliyofundishwa kwa Kiswahili na yaliyofundishwa kwa Kiingereza.

Nataja kazi hizo kwa sababu zinaonyesha nini hutokea mtafiti anapokaa nyuma ya darasa na kusikiliza badala ya kugawa karatasi. Kila aliyesoma sekondari Tanzania ataitambua picha hii. Mwalimu wa Kidato cha Kwanza anaanza neno la Kiingereza, analikata katikati na kupandisha sauti. Darasa zima linamalizia silabi zilizobaki kwa pamoja. Anauliza kama wameelewa, wanaitikia "Yeees". Dodoso likija siku hiyo litarekodi kwamba wanafunzi hushiriki sana. Darasani kulikuwa na kelele nyingi na hakuna mwanafunzi aliyetoa wazo lake hata moja. Kipindi kinachofuata, kwa Kiswahili, mtoto huyohuyo anauliza kwa nini mmea uliowekwa kabatini unakuwa wa njano, na mwenzake anabisha. Tofauti hiyo iko kwenye usemi. Haiwezi kuonekana kwenye alama za mtihani peke yake, na haipatikani kwa kuuliza watu wana maoni gani.

Wapinzani wa Kiswahili katika uzamili husema istilahi hazitoshi na kwamba tasnifu ya Kiswahili haitasomwa nje. La kwanza limeshajibiwa kwa vitendo. Idara ya Kiswahili ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1970 ikifundisha kwa Kiswahili, na tangu hapo wanafunzi wake na wa vyuo vingine wameandika tasnifu za uzamili na uzamivu zenye kiunzi cha nadharia, usampulishaji, mapitio ya machapisho na uchanganuzi wa data, na wakahitimu bila mtu kuanguka. La pili lina uzito kiasi. Lakini tasnifu nyingi za Kiingereza za vyuo vyetu nazo hazisomwi nje, wala ndani. Afisa Elimu aliyetoa kibali haioni. Mkuu wa shule haletewi nakala. Ingekuwa kwa Kiswahili, angalau mwenyekiti wa kamati ya shule angeweza kuisoma na kukasirika.

Kuna kazi chache za kitaaluma kuhusu pwani yetu zinazonipa matumaini kuhusu fani hii ya usemi tusiyokuwa na idara yake. Susan Hirsch, Mmarekani, alikwenda kwenye mahakama za Kadhi za Malindi na Mombasa miaka ya 1980, akarekodi kesi za ndoa jinsi zilivyosemwa. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1998. Kila mtu alikuwa anajua kwamba mwanamke mwema wa pwani huvumilia na hatoi siri za nyumba. Kumbe mbele ya Kadhi wanawake walisimulia, kwa urefu na kwa ufundi, na mara nyingi walishinda, hata kama kule kusimulia kwenyewe kuliwapunguzia heshima mtaani. Dodoso lingewauliza: je, mwanamke anapaswa kuvumilia? Wangejibu ndiyo, wote, na mtafiti angerudi nyumbani na asilimia yake.

Saida Yahya-Othman wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliandika kuhusu heshima katika maamkizi ya Waswahili, na mwaka 1997 akaandika kuhusu majina ya kanga na sauti ya mwanamke. Rose Marie Beck naye alitoa kitabu kizima cha Kijerumani mwaka 2001 juu ya maandishi ya kanga kama mawasiliano yenye maana mbili. Mke akitoka amejifunga kanga yenye jina fulani na kupita mbele ya mlango wa jirani, amesema na hajasema. Jirani akiuliza, jibu ni kwamba nguo hii niliipenda rangi. Mtafiti wa uhusiano wa kijamii Unguja asiyeijua njia hiyo ya kusema ataandika kwamba majirani hawana mgogoro.

Wanaokwenda kusoma nje hukutana na mfumo tofauti. Marekani uzamivu huanza na miaka miwili au zaidi ya madarasa, mitihani mikubwa, kisha ndipo tasnifu. Mwanafunzi wa mawasiliano mara nyingi hulipiwa ada kwa kufundisha, kwa kawaida kozi ya mwaka wa kwanza ya kuzungumza mbele ya hadhira. Wengine huingia kwa mlango wa Kiswahili: vijana wa Kenya na Tanzania huchukuliwa na Fulbright kusaidia kufundisha lugha kwa mwaka mmoja wa masomo, na baadhi yao hurudi huko kwa uzamili. Norway ilikuwa kimbilio la walimu wetu wengi kwa sababu vyuo vya umma havikutoza ada. Tangu vuli ya 2023 wanaotoka nje ya Ulaya wanalipa, na mlango uliowapitisha watu kama wale wa LOITASA umekuwa mwembamba.

Hapa nyumbani jaribio kubwa la kubadilisha mfumo lilifanywa Makerere. Mwaka 2012 taasisi ileile ya 1948, ikiwa wakati huo chini ya Mamdani, ilianzisha uzamivu wa miaka mitano wenye masomo ya darasani, usomaji mzito wa historia na nadharia, na wanafunzi wa muda wote. Ulipigiwa kelele ndani ya chuo kwa ugumu wake na kwa namna ulivyoendeshwa. Mimi naona hoja yake ya msingi ilikuwa sahihi: huwezi kumpa mtu miaka mitatu ya upweke na msimamizi mwenye wanafunzi wengine kumi na tano, halafu ukategemea wazo. Kasoro ninayoiona ni kwamba usomaji ule mzito ulikuwa wa vitabu zaidi kuliko wa watu. Mpango wa PANGeA, ulioanzishwa mwaka 2010 kutoka Stellenbosch na kuziunganisha Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na vyuo vingine, ulitatua jambo la fedha na muda kwa wachache waliobahatika kufadhiliwa kusoma bila kufanya kazi nyingine. Fedha kubwa zilizokuja baadaye kusomesha wahadhiri wa Tanzania, kama za HEET, mradi wa elimu ya juu wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, zilielekezwa zaidi kwenye sayansi na teknolojia.

Pembeni ya haya yote kuna biashara ambayo mwanasosholojia mwenye njaa ya mada asingeipita. Wahitimu wa Kenya, wengi wasio na ajira, huandika insha na hata tasnifu za wanafunzi wa Marekani na Uingereza kwa malipo kupitia intaneti. Patricia Kingori, mwanasosholojia mzaliwa wa Kenya na profesa wa Oxford, amewafuatilia, na filamu kuhusu kazi hiyo ilitoka mwaka 2024. Kijana wa Nairobi anaandika usiku kuhusu nadharia ya elimu kwa ajili ya mtu atakayevaa joho mahali asipopajua. Uwezo upo, basi. Anapojiandikisha uzamili wake mwenyewe, huyohuyo anapewa kiolezo cha sura tano na jedwali la sampuli.

Mabadiliko ambayo ningeyapigania ni madogo na yanahusu vitu vinavyoshikika. Idara ya elimu imruhusu mwanafunzi kurekodi vipindi ishirini vya darasa moja na kuviita utafiti kamili, bila kumlazimisha afikishe 384. Idara ya sosholojia itambue unukuzi wa Kiswahili kama data, na mahojiano yabaki kwa lugha yake ndani ya tasnifu hata kama uchambuzi ni wa Kiingereza. Mtahini wa nje apewe sauti, si nukuu tu.

Lipo pia suala la rekodi zenyewe. Kila mwaka wanafunzi wetu hukusanya maelfu ya saa za watu wakizungumza: wakulima wa korosho, walimu wa shule za kata, mama ntilie, wazee wa mabaraza. Baada ya kuhitimu, sauti hizo hubaki kwenye simu inayouzwa au kompyuta inayokufa. Kuzihifadhi kunahitaji nafasi kwenye seva ya maktaba, mtu wa kuziorodhesha, na ridhaa ya waliozungumza, ambayo kwa sasa huombwa kwa ajili ya tasnifu moja tu. Fomu ya ridhaa ingeongezewa swali la pili: mzungumzaji akubali au akatae sauti yake kutunzwa, kwa miaka mingapi, na nani aruhusiwe kuisikiliza. Asiyetaka kuweka sahihi, na wengi hawapendi kuweka sahihi kwenye karatasi za watu wa chuo, aulizwe kwa mdomo, na jibu lake lirekodiwe pamoja na mengine.